Salamu za Baba Zaina

Leo nimejuta kumfundisha Zaina kusoma.

Ana miaka sita na shule iko mbali, kwa hiyo asubuhi tunasomea hapa jikoni, vitabu vya kuazima.

Leo kachukua simu yangu, akasoma ujumbe wa baba yake aliyeko Bulwa kwenye mashamba ya chai. Kausoma wote, neno kwa neno.

"Mama, mbona hajanisalimia?"

Jamani. Mwaka mzima nimekuwa nikimsomea salamu ambazo nazitunga mimi.

Akasema, "Labda hajui kuandika jina langu. Ngoja nimwonyeshe."

Akaandika ZAINA, akatuma.

Baba mtu kausoma tangu saa nne. Sasa ni saa kumi. Hapa ninapoandika, mtoto ameshakuja mara mbili kuuliza kama amejibiwa.

Mama wenzangu, nimwambie nini?