Msimu Niliotokwa na Jasho

Mwaka ule nilikuwa mwanamichezo wa kulipwa wa Ulaya. Usicheke. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na jezi yenye tangazo la kinywaji mgongoni, kulikuwa hata na mtaalamu wa lishe aliyenikataza bugali. Mimi, binti wa Bukavu, nikatazwe bugali na mtu anayekula majani mabichi kama mbuzi! Kilichokosekana kwenye huo uanamichezo ni kukimbia tu, maana kutwa nzima tulikuwa tumekaa.

Tulikuwa watano, tukiishi ghorofa moja Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, katika nyumba ya zamani yenye mabomba yanayokohoa. Wenzangu wanne walikuwa wavulana kutoka nchi nne za Ulaya, na kati yao hakuna aliyewahi kufahamiana na sifongo ya kuoshea vyombo. Mchezo wetu ulikuwa wa kompyuta: timu mbili, kila moja ina ngome yake, na unavunja ya mwenzako kabla hajavunja yako. Wao walikuwa wapiganaji. Mimi nilikuwa mponyaji. Yaani wao wanakimbilia kufa kishujaa, mimi nawafuata nyuma nikiwaponya. Wakishinda, wanaosifiwa ni wao. Wakifa, eti mponyaji alikuwa wapi? Kazi tamu kweli, nawatakia adui zangu.

Papa, yaani baba yangu, hakuiita kazi. Yeye alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee kule Anderlecht, akiwaogesha na kuwalisha watu ambao kesho yake hawakumbuki uso wake. Jumapili, baada ya ibada, nilikula kwake na mama, na kabla sahani hazijatua mezani alikuwa ameshaanza.

"Kazi inatoshaka muntu jasho. Wewe unaikala kwa kiti, chauffage inakupatia joto, unabonyeza-bonyeza. Jasho yako iko wapi?"

"Papa, wananilipa."

"Hata loterie inalipaka bantu. Loterie ni kazi?"

"Acha mutoto akule kwanza," mama alikuwa akisema, na hapo ndipo utetezi wake ulipoishia.

Kanisani, watu wakiuliza habari zangu, Papa alijibu kwamba nasoma informatique. Bon, haukuwa uongo mtupu. Kompyuta zilikuwepo.

Nitasema wazi nilichokitaka msimu ule, maana watu wa ligi walidhani nataka kombe. Nilitaka Papa aseme mbele za watu kwamba mtoto wake anafanya kazi. Basi. Kombe wangebaki nalo wapandie maua.

Lakini Papa alikuwa mgumu. Kwetu, mtu akiimba vizuri harusini, hungoji amalize. Unainuka katikati ya wimbo, unacheza taratibu mpaka alipo, unambandika noti kwenye paji la uso, nayo inashikwa na jasho lake mwenyewe. Hiyo ndiyo matabishi. Anabandikwa mwimbaji, anabandikwa mpiga gitaa, anabandikwa hata mhubiri akiwaka moto. Katika sherehe zote za Wakongo wa Matonge na Anderlecht, Papa alibaki kwenye kiti, mikono kifuani. "Matabishi ni ya muntu anatumika," alisema, na kwetu kutumika ni kufanya kazi. Kwa maoni yake, waimbaji wengi wa Brussels walikuwa bado hawajaanza kutumika.

Msimu wenyewe, wacha nisiupambe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, na sisi tulikuwa washindani wa kutisha, maana tulikubali karibu kila wiki. Watangazaji waliovaa suti walichambua vipigo vyetu kana kwamba dunia nzima imeacha kupika ili isikilize. Tulipewa mwanasaikolojia akatufundisha kupumua. Nilikuwa nimepumua miaka yote bila mwalimu, lakini Ulaya kila kitu kina mtaalamu.

Kufika majira ya kuchipua tulikuwa mkiani, na mechi moja tu imebaki. Tukishinda, tunabaki kwenye ligi. Tukishindwa, timu inatoka na mikataba yetu inakufa nayo. Mwenye timu akatukusanya, akatuambia sisi ni familia. Familia naijua. Familia haikutishi kwa kukutabasamia.

Jumapili ya mwisho kabla ya mechi, Papa alikuja mezani bila habari za jasho. Kule kazini bibi mmoja alikuwa amemtemea supu shatini, kisha mwana wa yule bibi akaja, akampita Papa, akamshukuru daktari. Akiwa bado anatafuna, Papa akauliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza.

"Donc, kwa ile mchezo, wewe unafanyaka nini, kweli-kweli?"

"Naponya wengine, Papa. Wanakimbilia hatari, nawafuata, nawaponya. Wakipona, wananisahau."

Akaacha kutafuna. "Banakusahau?"

"Kabisa."

"Na bakikufa?"

"Wanauliza nilikuwa wapi."

"Eh," Papa akasema. "Ile najua." Kisha akamgeukia mama akaomba pilipili, na alipokwisha kuipata akaniuliza mechi ni siku gani.

Mechi ilichezwa katika bohari la zamani hapo hapo Anderlecht, lililogeuzwa ukumbi. Papa alikuja na suti yake ya harusi, amejipulizia marashi, akaketi mstari wa mbele kati ya vijana wenye nywele za bluu. Jukwaani taa zilikuwa kali ajabu. Kabla hatujafika katikati ya mechi jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye kidevu. Nilimwona Papa mara moja tu, amesogea ukingoni mwa kiti, haangalii skrini kubwa kama wengine. Ananiangalia mimi.

Tukaanza kushinda! Sijui ilikuwaje, hata watangazaji walipigwa na butwaa. Ngome ya wapinzani ilibaki kipande kidogo, nahodha wetu akajitosa mbele, wakamzonga wote, na mimi nikawa namponya, anapigwa namponya, anapigwa namponya. Alihitaji kubaki hai kidogo tu. Ukumbi mzima ukainuka.

Ndipo nikasikia marashi.

Papa alikuwa amepanda jukwaani. Alikuwa anakuja kwa zile hatua za harusini, bega hili, bega lile, taratibu, uso umenyooka kama wa mtu aliye kwenye ibada. Mtu anayetumika vizuri hungoji amalize. Akaivuta hedifoni yangu ikaniangukia shingoni, akanibandika noti kwenye paji la uso, akaikandamiza kwa kiganja. Ikashika barabara. Jasho lilikuwepo.

Mtu mwingine angemsukuma. Mimi nimelelewa. Mzazi akikubandika matabishi unaacha ulichoshika, unainama, unashukuru. Nikaachia kibodi, nikainama.

"Aksanti, Papa."

Kwenye hedifoni iliyoning'inia shingoni nikamsikia nahodha akipiga kelele: mponyaji yuko wapi?

Alikufa, wakafa na wengine nyuma yake, na muda si mrefu ngome yetu ikawa vumbi. Walinzi wawili walimshika Papa mikono huku na huku wakamteremsha. Papa alidhani wanamsindikiza kwa heshima, akawasalimu mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani. Mwenye timu, yule wa familia, hakungoja hata nivue jezi. Alituambia kwaheri pale pale kwenye korido, na mimi akaniambia mara mbili.

Kwenye metro nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Papa alikaa mbele yangu, tai imelegea, kola imelowa, anacheka peke yake.

"Umeona? Bantu bote balisimama."

"Nimeona, Papa."

"Bote!" Akafikiri kidogo. "Alors, tulishinda?"

Noti yake ilikuwa mkononi mwangu, bado mbichi kwa jasho.

"Tulishinda, Papa."

Jumapili, wakati wa ushuhuda, aliinuka. Papa alikuwa hajawahi kutoa ushuhuda tangu tuhamie nchi hii. Akafunga kifungo cha koti, akaenda mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bandugu, nilienda kuona mutoto yangu kwa kazi yake. Anatumika. Banaonaka ni kukaa tu, lakini anatumika mpaka jasho inamutoka."

Kanisa likasema amina. Ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza bila kazi. Nikasema amina pamoja nao, kwa sauti, maana alikuwa anaangalia upande wangu.