Kichaka cha Marcelina Kwenye Mpaka

Marcelina alirudi Rumonge akiwa na miaka hamsini na minne, cheti cha ualimu, na Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka kiasi cha kuwachosha majirani. Kiwanja cha baba yake alikikuta kina watu: Amissi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mkewe Sharifa. Baada ya vikao vitatu kiwanja kiligawanywa nusu kwa nusu, ikapandwa miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe, na kila upande ukatangaza kwamba umeridhika. Watu walioridhika kweli hawatangazi.

Mnyaa mmoja ulikufa. Kwenye pengo lile Marcelina alipanda kijiti alichopewa na masista wa Bugarama, kimefungwa kwenye gamba la mgomba. Kikawa kichaka chenye vishada virefu vya zambarau vinavyonukia asali, na vipepeo wakahamia bila kuitisha kikao. Sharifa alikipenda kuliko mwenyewe aliyekipanda. Mtu anayeishi na vichanja vinne vya ndagala ana sababu zake.

Mwaka wa tatu kichaka kilipita paa. Maua yakabaki juu, machache, kwa faida ya ndege. Marcelina alijua dawa yake: hukatwa hadi magotini mvua zinapokaribia, kwa sababu huchanua kwenye matawi mapya. Alichosahau, katika miaka thelathini na minane ya ugenini, ni kwamba mmea wa mpaka haukatwi jirani akiwa hayupo. Anayeukata peke yake ameanza kuhamisha mpaka, hata kama ameshika mkasi tu.

Alikata asubuhi moja ya Septemba, Amissi akiwa Gitaza kununua ndagala.

Aliporudi, Amissi alikitazama kisiki, kisha akaenda kumwita Hubert, shefu, yaani kiongozi wa mtaa.

"Amahoro, Mwalimu," Amissi alisema. "Mpaka yetu iko wapi?"

"Amahoro, Baba Warda," Marcelina alimjibu kwa jina la mwanawe. "Uko palepale. Kisiki hicho hapo, hakijaenda popote."

"Leo iko kisiki, kesho nasikia imeoza. Hii muti umeiua."

"Nimeukata ili uchanue."

"Ni kama kumukata mutu kichwa ili aote nywele!"

Hubert alicheka, halafu akakumbuka cheo chake.

"Andika, Hubert," Marcelina alisema. "Kisipochanua kabla ya Noeli, Baba Warda achukue hatua tatu upande wangu, kuanzia barabarani hadi nyuma."

Hubert aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Hatua tatu zingemeza jiko la Mwalimu.

"Na ikichanua?" Amissi aliuliza.

"Mwakani utakikata wewe. Mimi mgongo unauma."

Amissi alinunua kamba ya kupimia siku hiyohiyo.

Wiki tatu kisiki kilibaki kisiki. Kila asubuhi Amissi alikikagua, akijifanya anageuza ndagala. Marcelina hakukikagua hata mara moja. Alipaka jiko lake chokaa, jambo ambalo mtu anayetarajia kubomolewa halifanyi. Mvua ziliposhika, machipukizi yalitoka. Mwisho wa Novemba yalikuwa yamefika kiunoni, majani matupu, na Amissi akaanza kumsalimia Mwalimu kwa huruma.

Tarehe kumi na mbili Desemba Sharifa alikuwa kwenye vichanja vyake. Aligundua kwa pua kwanza, kisha akaona.

"Baba Warda!" Sauti yake ilifika barabara ya Nyanza-Lac. "Kamba yako lete, nianikie nguo!"

Vishada vilikuwa usawa wa uso, vingi kuliko mwaka wowote, na vingi zaidi upande wa Amissi, ambako kuna jua. Marcelina aliliona hilo, akaamua kutolisema.

Septemba iliyofuata Amissi alibisha hodi, panga limenolewa, Hubert nyuma yake na daftari.

"Mwalimu, toka basi. Shahidi iko tayari."

Alikata taratibu, akiuliza kwa kila tawi kama ni lake au la Mwalimu, na Hubert akaandika. Marcelina alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko lake, hatua mbili na nusu kutoka mpakani, akamwambia akate chini zaidi.