Beseni la Sonara

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa dhahabu. Nilionyeshwa beseni.

"Barasa, kabla ya kwenda nyumbani unanawa hapa," sonara, mwenye duka, aliniambia. "Na maji usimwage. Unga wa dhahabu unashika kwa mikono."

Unga ulitua chini, ukakusanywa, ukayeyushwa tena. Kwa hivyo niliingia kazini nikiwa mwizi kabla sijaiba kitu. Nyinyi vijana mnaonunua pete za kung'aa barabarani hapa Eldoret hamjui uchungu huo.

Kazi yenyewe niliipenda, siwadanganyi. Niliyeyusha, nikavuta waya, nikapiga tupa. Wakubwa walipenda jiwe jekundu, lionekane kutoka mbali kwamba mwenyewe ameshiba. Watu wa kawaida walitaka pete ya ndoa isiyo na jiwe, maana jiwe huanguka na watu wakaanza kusema.

Kisha dada yangu Nekesa akachumbiwa na karani mmoja wa mtaa wa Huruma. Kijana alileta hereni za dhahabu za marehemu mama yake.

"Shemeji, nataka mama awe kwa harusi yetu."

Niliziyeyusha mbele yake, nikafua pete. Aliponiona nikinawa kwenye beseni, nikamweleza sababu, alicheka sana.

Kesho yake akaingia mkubwa mmoja, beji ya chama tawala kwenye koti. Akaiona pete mezani, akaijaribu kidole cha mwisho, akatoka nayo. Hakuuliza bei.

"Ni ya dada yangu!" nikamwambia sonara.

"Nyamaza. Unataka duka lifungwe? Fua ingine ya shaba, uipake maji ya dhahabu."

Nilikataa katakata. Jioni hiyo nilimweleza shemeji kila kitu. Akaja dukani kuuliza.

"Mkubwa gani?" sonara akajibu, jicho kavu. "Hapa hakuja mtu. Pete alikuwa nayo Barasa."

Ebu fikiria! Nani angesema vingine miaka ile? Nekesa aliolewa kwa pete ya kuazima. Mimi sikufukuzwa, kwa sababu sonara alijua vizuri kwamba mimi si mwizi. Nilibaki pale hadi macho yakaisha. Sonara mwingine yeyote angeniajiri vipi na jina hilo la mwizi?

Sasa nimestaafu. Juzi Nekesa alinialika chakula. Shemeji, mvi kichwa kizima, alinimiminia maji ya kunawa, kwa heshima zote. Nilipomaliza, aliinama kuyaangalia maji ndani ya beseni, kisha akaenda kuyamwaga.