Mzee Aliyemlaza Waziri

Mwaka wa 1978 mji mdogo wa Kabati, huko Kitui, ulikuwa na maduka tisa, kinu kimoja cha posho na farasi mmoja. Farasi alikuwa wa Ndeti Musyoka, mwenye duka kubwa kuliko yote, aliyekuwa amegundua kwamba mtu anayetaka kuwa diwani hawezi kuendelea kutembea kwa miguu kama wapiga kura. Alimnunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake la ng'ombe karibu na barabara ya Mombasa, akamleta kwa lori la mahindi, akampa jina Waziri.

Kisha akamjengea nyumba, na hapo hakuna aliyeweza kumwita bahili. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kupigwa nta kila Jumamosi mpaka ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Wapangaji wa Ndeti nyuma ya duka walikaa juu ya udongo mtupu, lakini wao hawakuwa mawaziri. Kuhusu ukubwa wa chumba, Ndeti alipima kitanda chake mwenyewe akaongeza hatua moja kwa ajili ya heshima. Ukutani, usawa wa macho ya farasi, alipigilia msumari akatundika kalenda.

Hazikupita wiki nne Waziri akaanza kuanguka. Alikuwa akisimama uani mchana, macho yanalegea, shingo inashuka polepole, halafu miguu ya mbele inakunjika ghafla na anagonga chini kwa magoti. Anashtuka, anainuka, anatazama huku na huku kama mtu aliyesinzia kanisani. Magoti yalichubuka hadi nyama ikaonekana.

Ndeti alifanya uchunguzi. Kwanza alimfukuza mlinzi wake wa uani, kwa kuwa mtu anayekaa karibu na farasi mwenye vidonda ni lazima awe anampiga. Vidonda vikaendelea. Akamshuku mwalimu mmoja aliyekuwa akitaka kiti hicho hicho cha udiwani, ati ametuma mtu na dawa. Akaita muuzaji wa dawa za ng'ombe, ambaye hakuwahi kumgusa farasi maishani mwake na kwa sababu hiyo hakuwa na wasiwasi wowote; akadunga sindano mbili. Mwishowe akaita wazee wa kanisa waombe. Waliomba vizuri sana. Waziri alianguka walipofika kwenye amina.

Mutindi, mke wa Ndeti, ndiye aliyesema neno la maana, na ndiyo sababu lilichukua wiki nzima kusikika.

"Kwetu Nunguni kuna mzee alifanya kazi ya farasi huko Nairobi," alimwambia mumewe. "Si umwite tu?"

"Mzee wa kushona viatu?"

"Huyo. Na kama unajua mwingine, mwite huyo mwingine."

Ndeti hakumjua mwingine. Hata angezunguka Ukambani yote asingempata.

Mutie Kivuva alikuwa saisi kwa miaka kumi na minane, mtunza farasi katika mazizi ya nje ya Nairobi. Alirudi nyumbani mwaka wa 1971 na mgongo mbovu na ujuzi ambao milima ya Nunguni iliuhitaji kama inavyohitaji manahodha wa meli. Mashamba ya huko yamekatwa matuta, mtu mwenyewe hupanda kwa kushika magugu. Farasi angefanya nini? Kwa hiyo Mutie alikaa sokoni na sindano na uzi, akishona viatu. Wapwa zake walimpenda sana Krismasi ikifika. "Mjomba, tuambie tena vile ulikuwa unamtandikia farasi kitanda!" Wanacheka mpaka wanamwaga chai. Mkewe Nthenya alikuwa akiwajibu kwa niaba yake. Yeye Mutie hakucheka, kwa sababu habari ya kutandika hakuiona kuwa ya kuchekesha.

Mwaka wake wa pili kazini, msimamizi wa zizi alikuwa amesema majani ya kutandika ni ghali, yapunguzwe. Mutie alipunguza. Asubuhi moja alimkuta farasi jike amejigaragaza hadi ukutani, amelala chali, miguu yote minne imebanwa na ukuta, hawezi kugeuka. Alikuwa amepiga teke matofali hadi mguu wa nyuma ukavunjika. Walimpiga risasi hapo hapo. Msimamizi alisema ni bahati mbaya. Mutie alijua si bahati, na hakupunguza majani tena.

Alipoitwa akafika Kabati, hakutazama magoti. Alipitisha kiganja ubavuni mwa farasi, kisha kwenye singa za shingo, kisha mkiani.

"Safi," alisema.

"Bila shaka!" alisema Ndeti. "Anasuguliwa kila siku."

"Safi mno. Farasi aliyelala huamka na uchafu. Huyu hajalala."

"Kwani farasi si hulala amesimama? Hata watoto wa shule wanajua."

"Husinzia amesimama. Usingizi wenyewe, ule wa kumpumzisha, ni lazima alale chini. Si mrefu, lakini akiukosa siku nyingi, usingizi utamfuata popote alipo na kumwangusha. Hakuna mtu anampiga, mzee. Hakuna dawa. Mnyama amechoka."

"Na nyumba yote hii! Nani amemkataza kulala?"

Mutie aliingia, akateleza, akashika ukuta ili asianguke. Ndeti alitazama sakafu yake nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe mwenyekiti wa kitu chochote, akauliza gharama badala ya kuhutubia.

Kazi ilichukua siku sita. Mutie aliangusha ukuta wa kati, ule uliotenga stoo ya chumvi na sabuni, mpaka chumba kikawa hatua tano kwa tano. "Farasi akijinyoosha na kujigeuza, miguu isifike ukutani," alisema. Alipasua saruji kwa nyundo huku Ndeti amekwenda dukani kusudi asione. Akaagiza mchanga wa mto, kitu pekee ambacho Kitui haijawahi kukosa, akaujaza sakafuni hadi kimo cha goti na kuusawazisha. Juu yake akatandika nyasi kavu, nyingi, na kando ya kuta zote akazirundika zikawa kama kingo za mto, ili farasi akijigaragaza zimrudishe katikati. Chakula akakiweka kwenye hori la mbao lililoinuliwa, asije akala mchanga akaumwa tumbo. Aling'oa kila msumari uliochomoza, na ule wa kalenda ukaenda na kalenda yake.

Halafu akaomba punda.

"Punda?" Ndeti alikaribia kulia. "Nyumba moja na Waziri?"

"Kibanda kando yake, waonane dirishani. Farasi akiwa peke yake huogopa kulala. Anataka kujua kuna mwenzake anaangalia."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Waziri amepata mlinzi," alisema Mutindi, akaenda kumwazima punda kwa jirani.

Siku tatu hakuna kilichotokea, na Ndeti alihakikisha kila mteja wa duka anajua kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya nne, jua likichomoza, alikwenda kuchungulia akiwa bado na suruali ya kulalia. Kabati yote ilimsikia.

"Waziri amekufa! Jamani! Ameuawa na mzee wa viatu!"

Watu walikuja mbio. Waziri alikuwa amelala ubavu kabisa, shingo imenyooka juu ya nyasi, mdomo umelegea, miguu inatikisika kidogo. Punda alikuwa dirishani, amesimama wima. Mutie alifika wa mwisho, akikokota mgongo wake.

"Anaota," alisema. "Endelea kupiga kelele hivyo na utamfufua."

Walisimama mlangoni wote, wenye maduka na wapangaji, wakisikiliza farasi akikoroma. Mutie alijifanya anatengeneza kitasa. Mutindi alimwona akipangusa macho kwa mkono wa shati na akageuka upande mwingine.

Magoti yalipona. Ndeti alianza kuwaonyesha wageni zizi hilo na kuwaeleza jinsi alivyolibuni, akitaja hasa wazo lake la mchanga. Uchaguzi wa 1979 alifika mikutanoni akiwa juu ya farasi aliyelala vizuri kuliko mgombea yeyote wilayani. Watu walimshangilia sana farasi, wakampigia kura mwalimu. Baada ya hapo Ndeti alisema mnyama huyo ni hasara tupu. Mutindi alisema hauzwi, na Mutie akabaki, akienda Nunguni kumwona Nthenya kila mwisho wa mwezi.

Ukame wa 1984 ulipokuja, hakukuwa na nyasi ya kutandika. Hata ya kula ilitafutwa kwa siku mbili. Kila asubuhi Mutie, mgongo ule ule, alichekecha mchanga kwa wavu, akauondolea mavi na mawe, akachonga kwa reki kingo za mchanga kando ya ukuta. Waziri alikonda mbavu zikahesabika. Lakini alilala.

Alikufa mwaka wa 1988, alasiri, mzee, amelala ubavu, kichwa kikiwa mapajani mwa Mutie. Ndeti aliunda kamati ya mazishi, yeye mwenyekiti, na kaburini alihutubia dakika arobaini, kwa kuwa marehemu hakuwa na namna ya kuondoka. Alitaja maono, uongozi na maendeleo ya Kabati. Mutie hakungoja chai. Alifunga reki yake kwenye gunia, akamuaga Mutindi kwa mikono miwili, akamkuna punda masikioni, akapanda basi la kwenda nyumbani.