Sauti ya Mwalimu Gaspari

Mwalimu Gaspari Ngonyani ana sauti ambayo Mungu angewagawia watu watatu na bado ikabaki. Ndiye anayeongoza kwaya kigangoni kwetu huku Madaba, na akifundisha darasa la tatu, mimi ninayefundisha la nne ng'ambo ya ukuta, na wanafunzi wangu, tunajifunza naye tupende tusipende. Kila baada ya maelezo kidogo alikuwa akiuliza, "Tumeelewana?" na watoto wakiitikia, "Ndiyoo!" mpaka mabati yanatetema.

Oliva naye alifungua mdomo na wenzake. Mtoto huyo hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Kuitikia hakukosa, ila kwenye mitihani alipata sifuri, na baba yake, mzee Kajetani, alishachoka. Alikuja ofisini akatuambia kwamba shule ikifungwa mwezi Juni anamtoa moja kwa moja, akamsaidie mama yake shambani. Iliniuma.

Ndipo Gaspari akaitwa Songea kwenye mafunzo ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Alikwenda akinung'unika kwamba kwaya itayumba. Mwezeshaji alikuwa mwalimu kiziwi aitwaye Subira. Alifundisha kwa ishara tupu, kisha akawatazama kwa macho ya kuuliza. Walimu wote, watu wazima na vyeti vyao, wakatikisa vichwa kwamba wameelewa. Subira akampa Gaspari chaki aandike ubaoni alichoelewa.

"Nilisimama pale kama mwizi wa kuku, Mwalimu Pamela," alinisimulia aliporudi. "Sikuambulia kitu, na kichwa nilitikisa. Kumbe ndivyo ninavyomfanya Oliva kila siku."

"Tumeelewana?" ikafa hapo hapo. Gaspari akaacha kuzungumza huku amelipa darasa mgongo. Akachora, akafundisha kwa mahindi na vijiti, na darasa zima akalipa ishara alizorudi nazo, ya kwanza ikiwa ya kusema sijaelewa. Hakuna aliyeitumia. Nani anataka kujiaibisha?

Juni ikafika. Mzee Kajetani akaja kumchukua binti yake, Gaspari akamwomba akae nyuma mpaka kipindi kiishe. Mimi nilisimama mlangoni, roho juu. Somo lilikuwa nusu na robo, na Gaspari alikuwa akikata viazi vitamu. Katikati ya somo Oliva akanyoosha mkono, akagusa paji la uso, akatikisa kiganja. Sijaelewa.

"Si mnaona?" mzee akasema nilipomfasiria. "Hajui kitu huyu."

"Mzee wangu," Gaspari akamjibu, machozi yakimlengalenga, "leo ndiyo mara ya kwanza ananiambia."

Akachukua kiazi kingine. Kabla hajakikata, mikono ikaanza kunyanyuka, karibu nusu ya darasa, wenye masikio yao mazima. Nao hawakuwa wameelewa! Gaspari akarudia taratibu, akarudia tena, mpaka Oliva akaenda ubaoni akachora robo yake, sahihi kabisa.



"Nyumbani nikimtuma anaitikia," mzee Kajetani alisema. "Halafu hafanyi. Nimemchapa sana, mwalimu, nikidhani ni kiburi." Akasimama. "Julai atarudi. Ila nifundishe hiyo ishara, nyumbani tuanze nayo."

Akaijaribu mbele ya binti yake, akakosea. Oliva akamshika mkono, akaurekebisha.