Nyongeza ya Milka

Ukinunua omena kwa Milka pale sokoni Dunga, usifumbe macho hata ukipiga chafya. Meza yangu imepakana na yake, kwa hivyo mchezo wote naujua. Atakujazia gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka limwagike, akutilie na nyongeza juu, wewe unatabasamu. Ukigeuka kutafuta pesa, mkono wake umesharudi ndani ya mfuko wako, umechota kila samaki mzuri. Halafu kabla hajafunga fundo, anakusukumia vichwa vilivyovunjika na changarawe zake. Yawa, huyo mama! Nimemtukana mpaka nimechoka, naye hucheka tu.

Basi mwaka jana figo za Tom, mdogo wake Milka na kitinda mimba wa kwao, zikafa zote mbili. Akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu, miguu imevimba, hana hata nguvu ya kubishana. Ndugu wengine wakapimwa ili wampe figo moja, hawakufaa. Akabaki Milka. Dunga nzima ilishika kichwa. Mtu asiyekuachia omena moja, atatoa figo?

Nilimsindikiza hospitalini kwa Daktari Wakhisi, yule wa figo, kwa sababu alikuwa anaogopa, ingawa alidai eti ananipeleka mimi nikaone lifti. Akauliza figo hufanya kazi gani hasa.

Daktari akachora. "Ndani ya kila figo kuna mirija midogo sana, kama milioni moja. Inaitwa nefroni. Mwanzoni kuna kichujio. Chembe za damu na protini kubwa zinabaki kwenye damu, lakini maji, chumvi, sukari na uchafu vinamwagika ndani ya mrija, vizuri na vibaya pamoja."

"Si hiyo ni hasara?" Milka akakunja uso.

"Ngoja, mama. Njiani mrija unarudisha kwenye damu sukari yote, na karibu maji yote na chumvi yote. Halafu uchafu uliokwepa kichujio, kama asidi iliyozidi na mabaki ya dawa, unachukuliwa kwenye damu na kusukumwa ndani ya mrija. Kinachobaki ndio mkojo."

Niliangua kicheko mpaka daktari akaweka kalamu chini. "Huyu unamfundisha nini, Daktari? Anamwaga, anarudisha, anasukumia watu takataka! Hiyo ni biashara yake ya kila siku!"

Milka akanikanyaga mguu, lakini hakucheka. "Nikimpa Tom moja, hii itakayobaki itanitosha?"

"Kwa vipimo vyako, itakutosha."

"Na nikishatoa, siwezi kuirudisha."

"Huwezi, mama."

Akaangalia mikono yake. Nilidhani atainuka aende zake, na roho ikaniuma kwa ajili ya Tom.

"Basi mpeni ile nzuri," akasema.

"Kawaida yetu, nzuri inabaki kwa anayetoa."

"Alaa! Kumbe na wewe Daktari unapunja wateja!"

Siku chache baada ya upasuaji, Milka alisukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwa Tom. Mfuko wa mkojo wa Tom ulikuwa umejaa, na manesi wanaushangilia kama bao. Tom akafungua jicho moja.

"Dada, weka mikono yako mahali nitaiona."

Milka akacheka huku ameshika mshono, machozi yanamtoka. Akainua mikono yote miwili, mitupu, akaiweka juu ya shuka la Tom.

"Hii nyongeza ni yako," akamwambia. "Hata ukilala."