Baba mkwe alivyotaka ushindi wa chai ya moto kwenye utafiti wa saratani

Wakuu, salamu kwenu, na wakubwa shikamooni.

Haya yametokea ukweni kwangu, Turwa, Tarime. Chumvi sijaongeza. Mke wangu akipita humu atanitambua na nitalala kwa jirani, lakini acha niseme.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja huku kuchimba dhahabu, dhahabu sikuiona, nikapata mke wa Kikurya.

Kilichonitesa ukweni ni chai. Kwa baba mkwe, Mzee Wambura, chai inatoka jikoni inachemka na inanywewa hapo hapo. Ukipuliza, wanaume wanatazamana. Siku ya kwanza nilipuliza mara moja tu, mzee akamuuliza binti yake kama mimi ni mgonjwa.

Basi mwaka huu ikaja timu ya watafiti wa afya. Wakatukusanya, wakafungua ramani.

Wakaeleza kwamba vifo vya saratani havijasambaa sawasawa. Kuna sehemu rangi imekolea, kwingine imepauka. Ile saratani ya njia ya chakula, inayomfanya mtu ashindwe kumeza, imekolea upande wetu. Kwa hiyo wanatafuta watu wa sehemu hizo wanafanana nini: tumbaku, pombe kali, moshi wa jikoni, vinywaji vya moto sana.

(Mzee mmoja aliuliza kama akihamia kwenye rangi iliyopauka atapona. Alikuwa serious kabisa. Akajibiwa kwamba rangi ataihama, lakini atahama na kiko chake.)

Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Unamiminiwa chai, ukisema hapa sasa nakunywa, nesi anatumbukiza kipimajoto na kuandika.

Akapimwa kwanza Mzee Mwita, jirani. Chai yake ikasoma nyuzi sabini na moja. Huyu na baba mkwe wanabishana tangu ujana wao, kuhusu mpaka wa shamba, ng'ombe, hata mvua. Habari iliruka ua kabla nesi hajafika.

Baba mkwe akaagiza kuni ziongezwe.

Nesi akamweleza kwa upole kwamba haya si mashindano, namba kubwa ndiyo hatari. Mzee akasema ameelewa, apime tu. Sabini na sita. Akaangalia ng'ambo ya ua kuhakikisha Mwita anaona, akapiga funda kubwa.

Haikushuka.

Chai ilirudi kupitia puani. Tukacheka, mimi wa kwanza, na hilo najutia mpaka leo. Alijaribu tena, ikagoma tena, na mama mkwe akaanza kulia. Ndipo akatuambia kwamba mzee ana miezi miwili anaishi kwa uji, ugali anawapa mbwa kwa siri, na alimkataza asiseme.

Nesi akaandika rufaa ya Musoma, mzee akaangaliwe koo kwa kamera.

Mzee akakataa. Kaka yake alikufa kwa kushindwa kumeza, na aliona kwenda hospitali ni kwenda kusomewa hukumu. Tulimbembeleza siku tatu. Aliyemwinua ni Mwita, aliyesimama uani na kutangaza kwa sauti kwamba Wambura anaogopa kamera.

Nusu saa baadaye mzee alikuwa amevaa koti.

Nilimsindikiza. Siku ya majibu niliogopa mpaka nikashindwa kukaa. Daktari akasema ni vidonda vya kuungua, saratani hawajaiona. Atumie dawa, aache tumbaku, na chai ipoe kwanza.

Nililia, wakuu. Mzee hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumleta jirani yake anayekunywa chai kama yeye. Nikamwambia baba, si mmegombana maisha yote?

"Mkwe, huyo akifa mimi nitabishana na nani?"

Nilichojifunza: ile rangi kwenye ramani si laana ya ardhi wala kurogwa. Mengi ni mambo tunayofanya pamoja kila siku na kuyaita uanaume. Chai isubirini. Na chakula kikianza kugoma kushuka, usiwape mbwa, nenda kapimwe.

Kwenu huko chai mnainywaje? Semeni ukweli, hapa hakuna wakwe.

Mwita tulimpeleka wiki iliyopita, majibu bado. Baba mkwe hali vizuri wala halali. Kila asubuhi ananipigia kuuliza kama yametoka, eti anataka tu kujua nani kashinda.